Stori za Jaba au Hesabu? Jinsi ya Kubashiri Msimu Ujao wa Mbio za Magari

Makomredi, nianze kwa kukiri kosa.

Nilipokuwa mwaka wa pili, jioni moja hostelini jamaa fulani alituambia kwamba mkondo mmoja wa Safari Rally utapita kwenye barabara ya vumbi iliyo karibu na kwetu, upande wa Gilgil. Alisema ameambiwa na mtu ambaye binamu yake anafanya kazi na "wale watu wa rally". Sikuuliza mtu huyo ni nani. Nilitoka nje, nikampigia Mama simu.

Mama anauza chai, chapo na maharagwe, na viazi karai kwenye kibanda cha stejini. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, una uhakika?" Ananiita Mwalimu tangu siku nilipopata barua ya kuja hapa kusomea ualimu. Nikamjibu, "Mama, hiyo ni uhakika kabisa."

Akakopa shilingi 15,000 kwenye chama. Akanunua kuku, magunia mawili ya viazi, makaa, akalipia na hema. Siku yenyewe ilipofika tulisikia helikopta tu, mbali huko, ikifuata magari upande mwingine kabisa. Kuku 12 walikuwa wameshachinjwa alfajiri. Tulikula kuku mpaka majirani wakachoka kualikwa. Mkopo wenyewe Mama aliulipa kwa miezi saba, na muhula ule wote sikuthubutu kumwomba hata pesa ya kredo.

Jambo lililoniuma zaidi nililigundua baadaye. Ramani ya njia ilikuwa imetolewa hadharani muda mrefu kabla ya mashindano. Ningeifungua kwenye simu kwa dakika mbili, ningeona kwamba kwetu hakumo.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kupepeta uvumi. Na kila Januari hapa chuoni uvumi wa mbio za magari huwa mwingi kuliko vumbi la Naivasha: nani anahama timu, gari gani linakuja, Safari inabaki ama inaondoka. Ninapoandika haya, msimu wa 2026 unakaribia kuanza Monte Carlo, na Safari ni Machi 12 hadi 15, ikiwa duru ya tatu kati ya 14. Basi nimeona nieleze ninavyopepeta. Kubashiri si dhambi. Hata timu zenyewe hubashiri mvua, matairi na wapinzani. Tofauti ni kwamba wao wana njia ya kufikiri, na sisi mara nyingi tuna stori za jaba.

Nimegawa maswali yote katika matatu: nani, nini na wapi. Kila moja lina ushahidi wa aina yake, na ukichanganya utapotea.

Nani: tazama kiti kabla ya jina

Ngazi ya juu ya Mashindano ya Dunia ya Mbio za Magari, WRC, inaitwa Rally1. Ina timu za magari ya aina tatu tu: Toyota, Hyundai, na Ford wanaoendeshwa na M-Sport ya Uingereza. Ukijumlisha madereva wote wenye kiti cha msimu mzima duniani, hawajazi matatu ya abiria 14. Hebu fikiria hilo kwanza. Watu wanapotaja majina ishirini ya "wanaokuja Rally1 mwaka ujao", waulize: watakaa wapi?

Ni kama vyumba vya hosteli zetu. Hakuna anayepata chumba mpaka mwingine atoke. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza nani ni mkali. Uliza nani anatoka.

Chukua mfano wa mwaka jana. Kalle Rovanperä wa Finland alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 22 na siku moja, mdogo kuliko bingwa yeyote aliyemtangulia. (Mimi nina miaka 22 na bado nina faini ya maktaba.) Akatwaa taji tena 2023. Kisha Oktoba 2025 akatangaza kwamba anaacha rally ili aende kwenye mbio za saketi. Kiti kimoja cha Toyota kikawa wazi.

Nani angekipata? Waliokuwa wakifuatilia walikuwa na jibu tayari. Oliver Solberg wa Sweden, mtoto wa Petter Solberg aliyekuwa bingwa wa dunia 2003, alikuwa amepoteza kiti chake cha Hyundai mwishoni mwa 2022. Akashuka daraja hadi WRC2 na kuanza upya. Julai 2025 Toyota wakampa gari la Rally1 kwa duru moja tu, Estonia, na akashinda. Mwaka huohuo akawa bingwa wa WRC2. Kwa hiyo Rovanperä alipofungua mlango, Solberg alikuwa ameshasimama kizingitini. Huo haukuwa uganga.

Upande wa Hyundai nako, Ott Tänak, bingwa wa 2019, alitangaza Novemba 2025 kwamba anajitoa kwenye msimu mzima. Hapo wengi walibashiri kwamba kijana mmoja angeitwa kujaza nafasi. Hyundai wakafanya tofauti: Thierry Neuville na Adrien Fourmaux wanabaki na msimu mzima, na gari la tatu linagawanywa kati ya Esapekka Lappi, Dani Sordo na Hayden Paddon, wazee wa kazi. Somo ni kwamba kiti kikiwa wazi si lazima kikaliwe na mtu mmoja.

Swali la pili baada ya kiti ni hili: nani anamlipia? M-Sport mwaka huu wana Josh McErlean na Jon Armstrong, na wote wawili wamelelewa na akademia ya chama cha mbio za magari cha Ireland. Takamoto Katsuta wa Japani alikuzwa na mpango wa Toyota wenyewe kwa miaka mingi kabla hajafika alipo. Kipaji ni lazima kiwepo, lakini nyuma yake kuna mtu anayelipa mafuta, matairi na tiketi za ndege.

Hapo ndipo swali letu la Afrika Mashariki linapoingia: lini mtu wetu atashinda tena Safari? Waliwahi. Joginder Singh alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano. Bert Shankland kutoka Tanzania alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Wa mwisho kuishinda ikiwa duru ya WRC ni Ian Duncan, 1994, kwa Toyota Celica. Lakini Safari ile ilikuwa ya maelfu ya kilomita kwenye barabara zilizo wazi, ukipishana na lori na ng'ombe. Aliyezaliwa huku alijua mto gani hujaa na kona gani hudanganya. Ya sasa ina kilomita mia tatu na kitu za kushindania muda, barabara zimefungwa, na kila dereva anapewa nafasi ya kuzikagua kabla. Faida ya nyumbani imepungua, na faida ya gari imeongezeka.

Kwa hiyo komredi akikuambia Mkenya atashinda Safari yote mwaka huu, muulize ana gari gani. Kama halimo kwenye Rally1, uwezekano ni mdogo sana, hata dereva awe simba. Ngazi ya kupanda ipo: mwaka 2022 McRae Kimathi, Hamza Anwar na Jeremiah Wahome walipelekwa kwenye mashindano ya dunia ya vijana wakiwa na Ford Fiesta za Rally3, na Kimathi akaenda kuendesha kwenye theluji ya Sweden. Ngazi hiyo ikiendelea kulipiwa kwa miaka mitano au sita mfululizo, ubashiri utabadilika. Ikilipiwa mwaka mmoja na kuachwa, hautabadilika.

Nini: gari hufuata kanuni, na kanuni zina tarehe

Swali la magari ndilo rahisi zaidi, kwa sababu kanuni huandikwa kabla. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, hutoa kanuni zenye mwaka wa kuanza na mwaka wa kuisha. Ukijua tarehe hizo unajua nani atatumia pesa na nani atafunga mkoba.

Magari ya Rally1 yalianza 2022 yakiwa ya haibridi: injini ya petroli ya lita 1.6 yenye tabo, pamoja na mota ya umeme. Kanuni zake zinaisha mwisho wa mwaka huu wa 2026. Kuanzia 2027 zinakuja kanuni mpya ambazo zinaweka kikomo cha bei ya gari kuwa euro 345,000. Gari litatumia vipuri vingi vya daraja la Rally2, litakuwa na fremu ya mabomba ya chuma ya kumlinda dereva na mwelekezi wake, na nguvu ya takriban farasi 300. Hata karakana binafsi, si kampuni kubwa tu, zitaruhusiwa kuunda gari lao.

Sasa piga hesabu kama mhasibu wa timu. Una gari ambalo limebakisha msimu mmoja. Una gari jipya la kuunda. Pesa utaweka wapi? Utaweka kwenye jipya. Maana yake ni kwamba gari la 2026 litafanana sana na la 2025. Na mwaka 2025 Toyota walishinda duru 12 kati ya 14. Hyundai walipata Ugiriki kupitia Tänak na Saudi Arabia kupitia Neuville. Mtu akikuambia mambo yatapinduka kabisa 2026, mwambie akuonyeshe pesa ya kupindua imetoka wapi. Mapinduzi, kama yapo, yatakuwa 2027, kila mtu atakapoanza na karatasi nyeupe.

Lakini nisikudanganye kwamba maandishi rasmi hayageuki. Februari 2024 FIA walitangaza kwamba haibridi itaondolewa kuanzia 2025. Juni mwaka huohuo wakarudi nyuma, wakasema kanuni zitabaki vilevile hadi mwisho wa 2026. Novemba, wakakubaliana na timu kwamba haibridi itoke kweli 2025. Kwa mwaka mmoja, jibu "rasmi" lilikuwa ndiyo, la, kisha ndiyo. Aliyechora mchoro wa gari lake mwezi wa Julai alilazimika kutafuta kifutio mwezi wa Desemba.

Kwa hiyo mimi hupanga ushahidi wa magari kwa ngazi. Chini kabisa ni "nimeskia". Juu yake ni bosi wa timu akisema "tunafikiria". Mabosi hufikiria mambo mengi wakiwa mbele ya kamera. Juu yake ni kanuni iliyochapishwa. Na juu kabisa ni gari lenyewe likionekana barabarani kwenye majaribio, hata kama limefunikwa mabaka ya rangi kuficha umbo. Gari la majaribio lina gharama, na watu hawatumii pesa kwa utani.

Wapi: duru hufuata mkataba

Hili la tatu ndilo linalotugusa sisi, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Safari ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ikaingia WRC mwaka 1973, ilipoanza michuano hiyo. Ikatoka baada ya 2002, Colin McRae aliposhinda kwa Ford Focus. Watu walisema itarudi "mwaka ujao" kwa miaka mingi. Ilipangiwa kurudi 2020, korona ikaizuia, ikarudi 2021, makao yake yakiwa Naivasha. Ile "mwaka ujao" ilichukua miaka 19.

Kwa nini duru hutoka na kurudi? Kwa sababu kalenda ni biashara. Mwandalizi wa WRC anataka mwenyeji anayelipa, barabara zinazopendeza kwenye televisheni, hoteli, usalama, na mabara mengi kwenye ramani. Angalia tu miaka hii mitatu: Poland, Latvia na Croatia zilikuwepo 2024, hazikuwepo 2025. Visiwa vya Canary, Paraguay na Saudi Arabia vikaingia 2025. Croatia imerudi 2026, na ile duru ya Ulaya ya Kati imetoka. Hakuna aliye na hati ya kumiliki nafasi yake, hata awe na historia ndefu namna gani. Historia ingetosha, Safari isingekosekana tangu 2003 hadi 2020.

Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba mkataba wa Safari utadumu hadi 2026. Huo ndio mwaka huu. Kwa hiyo swali la 2027 si la kishabiki, ni la watu wanaokula kutokana nalo: wenye hoteli za kando ya ziwa, wa boda, wauzaji wa mayai pasua na soseji, wanaokodisha mahema, na mamangu. Utasikia mengi kutoka jukwaani, maana Safari ni mahali ambapo kila mwanasiasa hupenda kupigwa picha. Mimi hupima maneno hayo kwa maswali matatu. Je, kuna sahihi kwenye karatasi? Je, pesa imo kwenye bajeti ya serikali, au imo kwenye hotuba? Je, Kenya imo kwenye kalenda iliyochapishwa ya mwaka huo? Ukipata ndiyo tatu, kopa. Ukipata ndiyo moja, subiri.

Kuna jambo jingine la "wapi" ambalo watu husahau: mwezi. Safari ilirudi ikiwa ya Juni. Tangu 2024 imehamia Machi, wakati mvua za masika zinapobisha hodi. Juni shida yako kubwa ni lile vumbi laini kama unga la Kedong, ambalo huficha mawe na kumeza magurudumu. Machi unaweza kukuta vumbi asubuhi na tope mchana, kwenye mkondo uleule. Kwa hiyo matokeo ya 2021 hadi 2023 ni ushahidi wa Safari nyingine kidogo. Yatumie, lakini kwa adabu.

Mtego wa tano kwa tano

Hapa nataka tushike kalamu, maana mimi ni mwalimu wa hesabu mtarajiwa na siwezi kuacha.

Tangu irudi, Safari imeendeshwa mara tano. Washindi: Ogier 2021, Rovanperä 2022, Ogier 2023, Rovanperä 2024, Elfyn Evans 2025. Wote Toyota. Mwaka 2022 na 2023 Toyota walichukua nafasi nne za kwanza zote. Basi wengi husema, "Toyota ni asilimia mia."

Tano kwa tano inavutia, lakini tano ni namba ndogo. Ukirusha sarafu mara tano, inaweza kutua upande uleule zote, mara moja katika kila majaribio 16 hivi. Na ukifungua ndani ya hizo tano, utakuta kwamba 2021 Neuville wa Hyundai alikuwa akiongoza hadi Jumapili asubuhi, akiwa mbele kwa karibu dakika moja, kisha shokomzoba ya nyuma ikavunjika. Shokomzoba ile ingevumilia kilomita chache zaidi, leo tungesema nne kwa tano.

Upande mwingine, kuna sababu ya kweli ya Toyota kushinda: magari yao yamevumilia mawe na vumbi hilo kuliko ya wengine. Namba ikija na sababu, ina uzito. Namba ikija peke yake, ishuku. Ndiyo maana mimi huandika Toyota asilimia 75, na sio mia.

Jambo jingine la kuhesabu ni nani anatangulia barabarani. Kanuni inasema siku ya kwanza kamili anayeongoza msimamo wa dunia ndiye hufungua njia. Kwenye changarawe kavu huyo hufagia mawe na vumbi kwa niaba ya wenzake, na hupoteza sekunde. Kwa hiyo kila mwaka utasikia, "Anayeongoza hawezi kushinda Safari." Mwaka 2025 Evans alikuja akiongoza msimamo, akafungua njia, na akashinda. Naivasha si Sardinia. Mvua ikinyesha, wa kwanza hupita kabla njia haijakorogwa, na mara nyingi hapa anayeshinda ni yule ambaye gari lake limefika, wala si yule aliyekimbia zaidi.

Darasa la Kidato cha Pili

Mwaka jana nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilitaka kufundisha uwezekano bila ile habari ya mipira myekundu na ya bluu kwenye mfuko, maana wanafunzi walikuwa wameshaanza kusinzia. Ilikuwa Julai, na Rally Estonia ilikuwa wikendi hiyo. Nikawaambia kila mmoja aandike nani atashinda, kwa asilimia ngapi, na kwa sababu gani. Majina nikayaandika ubaoni mwenyewe, kutoka kichwani.

Kijana mmoja wa nyuma aliandika: "Toyota, asilimia 100, kwa sababu baba ana Probox na haijawahi kuzima." Darasa lilicheka hadi mwalimu wa zamu akachungulia dirishani.

Jumatatu tukafungua karatasi. Toyota walikuwa wameshinda, kwa hiyo yule wa Probox alitembea darasani kama chifu. Lakini dereva aliyeshinda, Solberg, hakuna hata mmoja aliyemtaja. Nikauliza kwa nini. Msichana wa mbele akajibu, kwa heshima lakini bila huruma: "Mwalimu, hukumwandika ubaoni."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeandika majina ya msimu uliopita kwa kumbukumbu, wakati orodha ya washiriki wa Estonia ilikuwa hadharani na Solberg alikuwamo. Lilikuwa kosa lilelile la ramani ya Mama, sema safari hii hakuna kuku aliyekufa. Ubashiri mwingi hauharibiki kwenye hesabu. Unaharibika kabla, kwenye orodha ya vitu unavyodhani vinawezekana.

Na yule wa Probox? Nilimpa alama ya jibu na nikamnyima alama ya sababu. Alilalamika. Nikamweleza kwamba unaweza kupatia kwa sababu mbaya, na siku moja sababu hiyo itakuuzia gari bovu.

Ubashiri wangu wa 2026

Sasa zamu yangu kuanikwa. Nauandika hapa ili Desemba mnicheke mkiwa na ushahidi.

Bingwa wa dunia: Evans asilimia 35. Amekuwa wa pili mara tano, ya mwisho mwaka jana alipopitwa na Ogier kwa pointi nne tu, na anaendesha msimu mzima kwenye gari bora. Solberg 25, ana kasi, lakini huu ni msimu wake wa kwanza kamili na Toyota, na makosa ya ujana ni ghali. Ogier 15, mwaka jana alitwaa taji la tisa na kumfikia Sébastien Loeb bila kushiriki duru zote, hata Safari hakuja, lakini kurudia hilo ni kazi. Neuville 15. Wengine wote 10.

Kumbuka pia mfumo wa pointi: mshindi hupata 25, kisha kuna hadi tano za matokeo ya Jumapili na hadi tano za mkondo wa mwisho. Jumla 35. Dereva aliyeharibikiwa Ijumaa bado anaweza kuokota pointi 10 Jumapili. Hilo husaidia wale wa msimu mzima wasiokata tamaa.

Mshindi wa Safari: Toyota 75, kama nilivyosema. Dereva mmoja mmoja, namtazama Katsuta. Tangu 2021 amemaliza wa pili mara mbili, wa tatu mara moja na wa nne mara moja hapa kwetu, na hadi mwisho wa 2025 alikuwa hajashinda duru yoyote ya dunia. Nampa 25, sawa na Evans. Nusu iliyobaki gawaneni wenyewe.

Safari kubaki 2027: asilimia 55. Naipenda sana hivyo nilitaka kuandika 80. Nikajiuliza zile 25 za ziada zimetoka wapi, nikagundua zimetoka moyoni. Nikazifuta.

Mama na gunia moja

Wiki iliyopita Mama alinipigia. "Mwalimu, mwaka huu wanapita wapi?"

Nikamwambia kwamba nitamtumia ramani rasmi pindi nitakapokuwa nayo mkononi, na kwamba kabla ya hapo hata mimi nikimwambia kitu asiniamini. Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka. Akaniambia ameshafanya mipango yake. Atanunua gunia moja la viazi na unga wa chapo, basi. Kuku ataagiza kwa jirani, na atawalipia wakishachukuliwa na wateja.

"Na wasipopita huku?" nikamuuliza.

"Viazi tutakula," akasema. "Unga tutakula. Kuku atabaki kwa mwenyewe."

Nimesoma uwezekano kwa miaka mitatu, na hilo la kupima kwanza hasara ya kukosea hakuna aliyenieleza kwa ufupi namna hiyo. Mimi kazi yangu ni kumpa asilimia. Yeye ameshajua cha kununua.